Mdhamini wa Ongom

Mke wangu Emérence aliwahi kumdhamini mahakamani mwanamume ambaye hakumpenda hata kidogo. Vijana wa hapa Kisugu wakisikia habari hiyo hudhani nimeitia chumvi, kwa hiyo nimeona niiandike mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1974. Sisi tulikuwa Wakongo tuliokimbia vita upande wa Bukavu, tukapata chumba cha kupanga hapa Uganda, mtaa wa Kisugu, katika nyumba ndefu ya mabati yenye baraza moja mbele, wapangaji wote wakiitumia. Mimi nilishona viatu mwisho wa baraza hiyo. Katikati, penye mwanga mzuri, palikuwa pa Emérence na cherehani yake. Serikali ya kijeshi ilipopiga marufuku sketi fupi, wanawake walileta sketi zao kwa mafungu ziongezwe kitambaa chini, na mke wangu, ambaye hakuisifu serikali hiyo kwa jambo lingine lolote, alisema kwamba kwa hili angalau wametukumbuka. Alilisema kwa sauti ya chini.

Jioni nilipanda kilima cha Kibuli kusoma. Niliingia darasa la watu wazima nikiwa na umri wa kuwa baba wa wanafunzi wengine, nikaendelea mpaka nikapata cheti, nacho kiko ukutani hadi leo. Siku za darasa Emérence alinipigia shati pasi ya makaa. Alisema mtu anayekwenda kusoma Kiingereza asinuke ngozi.

Chumba cha pili walikaa Ongom na mkewe Filda, watu wa Acholi, kabila la kaskazini ambalo serikali ile ililishuku, pamoja na binti yao mdogo, Akeyo. Ongom aliendesha lori la idara ya barabara. Alikuwa mtu wa mizaha. Alipiga lukeme, ile ala ndogo ya vyuma inayochezwa kwa vidole gumba, na Akeyo alipoanza kucheza mbele yake, sisi tuliokuwa barazani tuliweka kazi chini. Filda aliuza odii, siagi ya karanga na ufuta aliyoisaga mwenyewe juu ya jiwe. Baba yake alikuwa askari polisi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kilichokatwakatwa. Cha Emérence kilikuwa cha Kivu. Hata hivyo walizungumza kutwa nzima, na mara nyingi walielewana pale ambapo mimi, niliyesoma sarufi, nilikuwa bado nauliza wamesema nini.

Na Ongom alimpiga Filda.

Hakumpiga kila wiki. Ingeweza kupita miezi miwili ya lukeme na mizaha, halafu jioni moja ungesikia mlango ukifungwa kwa namna fulani, na Emérence angeinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani akatega sikio. Filda mwenyewe alijua siku hizo zilitoka wapi. Barabara zilikuwa na vizuizi vya wanajeshi, na mtu mwenye jina la kaskazini kama Ongom alishushwa kwenye lori kila alipopita, akaambiwa achuchumae, aruke kama chura, huku abiria wa magari mengine wakitazama. Filda alimweleza mke wangu kwamba mume wake akirushwa chura barabarani, anarudi kumtafutia yeye mahali pa kuchuchumaa. Emérence alimjibu kwamba sisi sote tunapita kwenye vizuizi hivyo hivyo, na Baba Séraphine (yaani mimi, kwa jina la binti yetu) hajawahi kumrudishia yeye hata kofi moja.

Mwaka huo, baada ya sikukuu ya Pasaka, Filda alitoka nje asubuhi na jicho moja limefunga kabisa. Emérence alimwosha kwa maji ya chumvi, akamvika kitambaa chake mwenyewe cha kichwa, akampeleka kituo cha polisi. Walirudi mapema. Askari wa zamu alikuwa amewaambia kwamba mambo ya mke na mume yaishie chumbani, na kama wanataka kesi, wakalete kwanza mzee wa ukoo.

Hapo akatokea jirani mmoja. Jina lake siliandiki, maana watoto wake ni watu wema. Alikuwa akinywa bia na watu wa usalama, wale wa miwani myeusi, na alimhurumia Filda kwa dhati. Alikuja barazani akasema hakuna haja ya polisi wala mahakama. Yeye anao marafiki. Neno moja tu, Ongom atachukuliwa akiwa njiani na lori lake, na hatamsumbua mtu tena.

Sindano yangu ilisimama kwenye ngozi. Filda alikuwa amekaa na kitambaa juu ya jicho. Alimshukuru yule bwana kwa heshima, akampa odii kwenye jani, akangoja mpaka ameondoka. Kisha akamgeukia Emérence.

“Mimi nataka yeye aache kupiga mimi,” alisema. “Sitaki yeye afe. Sasa Uganda hii hakuna kitu ya katikati?”

Swali hilo nililibeba mpaka Kibuli jioni ile. Mwalimu wetu wa uraia aliitwa Muhamadi, mzee mwembamba aliyekuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na darasa lilipokwisha nilimweleza habari yote bila kutaja majina. Alikaa tena kwenye kiti chake. Akasema kitu cha katikati kipo. Mtu akienda mbele ya hakimu akaapa kwamba fulani huenda akavunja amani dhidi yake, hakimu anaweza kumwita huyo fulani aje aeleze kwa nini asifungwe kwa ahadi. Si kesi ya jela. Ni ahadi ya maandishi ya kukaa kwa amani, kwa muda usiozidi mwaka, na mdhamini anaweka mali yake pembeni. Mwenye ahadi akiivunja, mali ya mdhamini inakwenda, na yeye mwenyewe anarudi mbele ya hakimu akiwa na jambo zito zaidi.

Nilimuuliza kama ahadi hiyo inamgusa mume. Mzee Muhamadi alisema sheria inasema mtu yeyote, na katika miaka yake yote ya ukarani hakupata kuona mahali ilipoandikwa kwamba mtu akioa anaacha kuwa mtu.

Wiki ile ile tulikwenda mahakamani, Filda, Emérence na mimi. Mahakama zilikuwa zikifanya kazi hata miaka ile. Watu hawaamini, lakini makarani waliripoti kazini, mahakimu walivaa tai, na mambo madogo ya wananchi wadogo yalisikilizwa kwa utaratibu, pengine kwa sababu wakubwa hawakuwa na haja nayo. Filda aliapa kwa Biblia. Hakimu, bwana mnene mwenye sauti ya usingizi, alimsikiliza kupitia kwa karani aliyetafsiri, akamuuliza anaogopa nini hasa. Filda alifikiri. Akasema anaogopa sauti ya mlango. Hakimu aliandika kwa kitambo kirefu kuliko maneno yenyewe yalivyokuwa, akaagiza Ongom aitwe.

Hati ya wito ilimkuta Ongom kwenye yadi ya malori, mbele ya wenzake. Nilitarajia moto. Badala yake alirudi nyumbani kimya, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akanitazama nikipiga msumari.

“Fundi Valère,” akaniambia, “wewe umesoma. Hii karatasi inanipeleka wapi?”

Nilimwambia inampeleka kwa hakimu na kumrudisha nyumbani, kama atakuwa na mdhamini. Akauliza kama inakwenda pia kwa wanajeshi. Nikasema hapana. Alipumua, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, ingawa sikumwambia Emérence.

Siku ya kusikilizwa Ongom hakukana. Alisema amempiga, na kwamba mwanamke naye ana mdomo. Hakimu alimwambia kwamba mdomo wa Filda haumo katika shauri hili. Akaamuru atie sahihi ahadi ya kukaa kwa amani na mkewe mwaka mzima, akiweka fedha zake dhamana, pamoja na mdhamini mmoja mwenye mali inayofahamika. Kisha akauliza mdhamini yuko wapi.

Ongom aligeuka. Ndugu wa baba yake, Ojok, nyapara wa yadi ya malori, alikuwa amekuja pamoja na madereva wawili, nao walikuwa wamekaa benchi la nyuma. Sasa benchi lilikuwa tupu. Siwalaumu sana. Siku zile hakuna aliyetaka jina lake na mahali anapolala viandikwe kwenye faili la serikali, kwa jambo jema wala baya. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa majina yaliyookotwa mahali popote.

Hakimu alieleza, kwa sauti ile ile ya usingizi, kwamba Ongom asipopata mdhamini, atakwenda mahabusu mpaka ampate. Gari la magereza lilikuwa nyuma ya jengo, na kila mtu pale ndani alijua kwamba mtu wa Acholi akipakiwa kwenye gari lolote la serikali mwaka ule, hakuna aliyeweza kuahidi litasimama wapi.

Filda akasimama.

“Mheshimiwa, mimi nitadhamini yeye.”

Karani alitafsiri, kisha akaweka kalamu chini. Hakimu alimwambia kwa upole kwamba yeye ndiye mlalamikaji. Hawezi kumdhamini mtu dhidi yake mwenyewe, maana akipigwa atakuwa amepigwa na kutozwa kwa siku moja. Watu walicheka, lakini Filda hakuketi. Aliuliza nani basi. Kwao, alisema, mwanamke akishtaki nyumba yake, ni yeye anayeibeba aibu yake mpaka mwisho. Nilielewa kwamba alikuja kutafuta kitu cha katikati, na sasa alikuwa akikiona kikigeuka mikononi mwake kuwa kile alichokikataa barazani.

Nilihisi Emérence akisogea kando yangu. Nilimshika gauni. Aliutoa mkono wangu kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo, akasimama.

“Niko na cherehani,” alisema. “Ya kanyagio. Iko nzima.”

Hakimu aliuliza yeye ni nani kwa mshitakiwa. Emérence alisema ni jirani. Akauliza kama anamwamini kwamba atakaa kwa amani. Emérence alisema hamwamini hata kidogo, na ndiyo sababu anataka awe wake, apate haki ya kumwangalia. Hakimu alifungua macho yote mawili, nikaona kumbe hakuwa na usingizi. Akauliza mume wa mama huyu yuko wapi. Nikasimama.

“Unakubali mali ya nyumba yako iwekwe rehani kwa ajili ya mtu huyu?”

“Mheshimiwa,” nilisema, “cherehani ni yake. Na tangu nimuoe sijafaulu kumzuia jambo lolote.”

Hivyo ndivyo mke wangu alivyoandikwa kwenye faili la serikali, jina lake lote la ubatizo, na mtaa, na nyumba. Njiani kurudi niliogopa kuliko nilivyoogopa tulipovuka mpaka. Yeye alitembea mbele akiulizana na Filda bei ya karanga.

Basi ikaanza miezi ya ukaguzi. Kila jioni Ongom alipoegesha lori na kufika nyumbani, Emérence aliacha kazi, akajifunga kanga upya, akaenda kusimama mlangoni kwake. Hakugonga. Alisalimia, akamtazama Filda uso na mikono, akamtazama Ongom macho kama yana pombe, akauliza wamekula nini. Ongom alikasirika, kisha akazoea, kisha akaanza kufanya mzaha. Alimwita “mwenye mali”. Akimwona anakuja alisimama wima na kupiga saluti, akasema, “Mwenye mali, mali yako iko hapa, haijaoza.” Emérence alimwambia kwamba mali gani hii, ingekuwa mbuzi angalau angeuza ngozi yake. Akeyo alicheka mpaka akalala chini. Nami nikaanza kuamini kwamba karatasi ile imefanya kazi yake, na nilimwambia hivyo mzee Muhamadi, ambaye aliniuliza tu kama yule mama anayelindwa anasema vivyo hivyo.

Sikumuuliza Filda. Nilimwona akipita na sufuria lake, na nilimwona akicheka. Niliona pia kwamba ameanza kuvaa mikono mirefu, lakini ilikuwa majira ya mvua.

Mwezi wa kumi na moja Emérence alipata pazia zuri la hariri, lililoachwa na familia ya Wahindi waliofukuzwa, akaamua kumshonea Filda gauni la kuvaa siku ya ubatizo wa Akeyo, kama zawadi. Alimsimamisha barazani, akazungusha utepe kifuani, kiunoni, kisha juu ya mkono wa kushoto, karibu na bega. Filda alivuta pumzi kwa ndani. Emérence alilegeza utepe, akaushika tena, taratibu. Kisha akapandisha ule mkono mrefu wa blauzi.

Nilikuwa naona kutoka mahali pangu. Alama zilikuwa za vidole, nyingine za karibuni na nyingine zimeanza kugeuka manjano. Ongom alikuwa amejifunza kupiga mahali ambapo mkaguzi hatazami.

Emérence aliuliza tangu lini. Filda akasema tangu mwezi wa nane, si mara nyingi. Akauliza kwa nini hakusema. Filda aliitazama cherehani. Hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza hesabu kwa mtoto kwamba angesema, mahakama ingekuja kuichukua, na Mama Séraphine angeshona na nini, na Séraphine angesoma na nini? Mkono wake unapona wenyewe. Cherehani haiponi.

Mke wangu alikaa chini. Nimeishi naye miaka mingi baada ya hapo, nimemwona akimzika mama yake, lakini uso ule sikuuona tena. Alimshika Filda mkono ule mwingine, usiouma, akaushikilia.

“Mi nilikuwekea ulinzi,” alisema, “na kumbe nimekuziba mdomo.”

Nilimsikia Emérence akimwuliza jambo kwa sauti ya chini, na Filda akitikisa kichwa, na Emérence akiuliza tena. Baadaye niliambiwa alichouliza. Alimuuliza kama atasema mbele ya hakimu, kwa kinywa chake, yote. Alimwambia asipotaka, hawataenda, na cherehani itabaki, na urafiki utabaki pia. Lakini akitaka, basi asiifikirie cherehani, kwa sababu ni chuma na mbao tu, nayo ilitengenezwa na watu na watu watatengeneza nyingine. Filda alisema atasema.

Asubuhi yake Ongom hakuwa na zamu. Emérence aliondoa kichwa cha cherehani kwenye meza yake, akakifunga kwa shuka, akaenda mlangoni kwa Ongom. Safari hii aligonga. Alimwambia amevunja ahadi, na mdhamini ana haki ya kumrudisha mwenyewe kwa hakimu. Anaweza kwenda naye kwa miguu, sasa hivi, au anaweza kungoja polisi waje na gari. Ongom alisimama amevaa fulana. Alitazama mikono ya Filda, ambayo ilikuwa wazi mpaka mabegani, maana asubuhi ile alikuwa amevaa gauni lisilo na mikono.

“Na hii ni yako kubeba,” Emérence akamwambia, akampa lile furushi. “Ni wewe unaipeleka.”

Hivyo tukatoka Kisugu: Emérence mbele, Filda kando yake, Ongom nyuma na cherehani kichwani, na mimi wa mwisho, nimevaa shati la darasani. Watoto tulikuwa tumewaacha kwa jirani. Watu walitoka milangoni kutazama. Ongom alikuwa mtu mrefu, na chini ya mzigo ule alitembea ameinamisha macho, akiangalia tu visigino vya mke wangu.

Chini ya kilima cha Kibuli palikuwa na kizuizi. Askari kijana aliinua bunduki kidogo, akauliza huyu mrefu ni nani na amebeba nini. Niliona magoti ya Ongom yakianza kupinda yenyewe, kwa mazoea. Emérence alisogea akasimama kati yao.

“Ni mtu wangu,” alimwambia askari. “Amepiga mke wake, na mimi ndiye nilimdhamini. Namrudisha kwa hakimu.”

Askari alimtazama yeye, akamtazama Ongom, akaitazama mikono ya Filda. Aliwaita wenzake waje wasikie. Walicheka sana. Mmoja, mkubwa wao, alisema mama huyu angefaa awe sajini wao, na kwamba jamaa aendelee na mzigo wake asije akamchelewesha. Tukapita. Ongom hakuchuchumaa. Tulipofika mbali nilimsikia akipumua nyuma yangu kwa namna ya kilio, lakini sikugeuka, na nafikiri hilo lilikuwa la heshima.

Mahakamani tulingoja mpaka mchana. Hakimu alipoona cherehani imewekwa mbele ya meza yake aliuliza ni kielelezo cha nini. Emérence alisema si kielelezo, ni dhamana, amekuja kuitoa kwa sababu mtu wake amevunja amani. Hakimu alimwambia hakuna mdhamini aliyewahi kumfanyia hivyo. Kwa kawaida hutafutwa kwa taa. Kisha akamtaka Filda aseme.

Filda alisimama na mikono yake wazi. Alisema amepigwa lini na wapi, bila kuongeza na bila kupunguza. Karani alitafsiri. Halafu Filda akasema neno ambalo hakuwa ameulizwa.

“Mheshimiwa, mimi nilinyamaza kwa sababu ya hii cherehani. Wewe uliweka kitu ya rafiki yangu. Kama ungeweka kitu ya watu wake, mimi ningesema siku ile ile.”

Karani alisita, akatafsiri. Hakimu aliweka kalamu chini akasema kwamba mama huyu amesema kweli, na kosa hilo lilikuwa lake, hakimu: mdhamini asiwe mtu ambaye mlalamikaji anamwonea huruma. Akamuuliza Ongom kama ana ndugu mjini. Ongom alisema Ojok. Akatumwa mtu yadi ya malori, na Ojok akaja. Sijui aliambiwa nini njiani, lakini alipoiona cherehani pale mbele, na yule mwanamke mgeni aliyeileta, alivua kofia yake mwenyewe kabla ya kuambiwa.

Uamuzi ulikuwa hivi. Sehemu ya dhamana iliyokuwa ya Ongom mwenyewe ilikatwa katika mshahara wake. Ya mdhamini ilisamehewa, kwa sababu ni yeye aliyemleta. Ongom aliandika ahadi mpya ya mwaka mzima, Ojok akiwa mdhamini, na ndani yake hakimu aliandika jambo lililoombwa na Filda: Ongom atakaa kwa Ojok, nyumba za wafanyakazi za yadi, na atakuja Kisugu Jumapili tu kumwona mtoto, atakaa barazani, wala hataingia ndani mpaka aalikwe. Hakimu alimuuliza kama ameelewa. Ongom alisema ndiyo. Akauliza kama anaweza kuirudisha cherehani nyumbani, kwa kuwa ni nzito. Emérence alifikiri, akamruhusu.

Mwaka ule wa pili alikuja kila Jumapili. Alikaa kwenye kigoda barazani, amenyoa ndevu, na Akeyo alimletea chai. Mara za kwanza alikuja na lukeme lakini hakuipiga. Filda aliendelea na jiwe lake la kusagia, mgongo ukiwa kwake, baadaye ubavu, baadaye uso. Mara moja nilimsikia Ongom akimwambia Filda kwamba amebadili njia ya lori, anazunguka mbali, na akishushwa kwenye kizuizi huenda kwanza mtoni kukaa, halafu ndipo arudi kwa Ojok. Filda alimwambia ni vizuri. Hakusema zaidi. Gauni la hariri alilivaa kwenye ubatizo, likampendeza sana.

Siku mwaka ulipokwisha haikuwa Jumapili. Ilikuwa siku ya kazi, saa za jioni, jua bado lipo. Ongom alikuja na godoro begani na sanduku mkononi. Alikuwa mwenye furaha ya kweli, ametoka kuoga. Mimi na Emérence tulikuwa barazani, na sisi hatukuwa tena na haki yoyote ya kisheria katika jambo lile, wala dhamana, wala sahihi.

Alimwambia Filda kwamba karatasi imekwisha.

Filda alisimama, akapangusa mikono yenye ufuta. Alimtazama kwa muda, na nilichokiona machoni pake, nisimsingizie, kilikuwa upendo. Alimpenda yule mtu, na hakuwahi kuacha.

“Baba Akeyo,” alimwambia, “ile ilikuwa ya hakimu, imekwisha. Hii sasa ni ya mimi. Wewe njoo Jumapili.”

Ongom alisimama na godoro lake. Aliutazama mlango, ule uliokuwa ukifungwa kwa namna fulani, nao ulikuwa wazi, pazia likipepea. Angeweza kuufikia kwa hatua chache. Hapakuwa na hakimu, wala askari, wala mtu wa kutozwa chochote. Nilijikuta nimeshika nyundo.

“Jumapili hii?” aliuliza.

“Hii na nyingine. Mimi nitakuambia.”

Aliinamisha kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei ambayo ni kubwa lakini ya haki. Alimbusu Akeyo utosini, akainua godoro, akashika njia ya kurudi kwa Ojok.

Nilimgeukia mke wangu nimwambie jambo la busara. Alikuwa amesimama muda wote huo, nami sikujua, mgongo umeegemea nguzo ya baraza, na sasa alijishusha taratibu mpaka akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele kama msichana. Aliniomba maji. Nilikwenda mtungini nikamletea mwenyewe, nikakaa chini kando yake akiwa anakunywa.